Sailensa Mbili

Jumapili, 4 Februari 1996

Shabaha tena baada ya misa. Ukumbi mrefu chini ya jengo la chuo, hauna dirisha, una harufu ya baruti na mikeka ya zamani. Bunduki ya klabu, ile yenye ufa kwenye kitako. Karatasi ya kwanza nzuri. Ya pili mbaya. Ya tatu nimeichana.

Tatizo si jicho. Si mkono. Nashtuka. Tena nashtuka kabla ya mlio. Mwili unajua kelele inakuja, unajikunja mapema, kidogo tu. Kidogo hicho kinatosha kupeleka risasi pembeni.

Sikio la kushoto linalia tangu Novemba. Mlio mwembamba, kama redio iliyoachwa kati ya stesheni mbili. Baba hajui. Sitaki ajue.

Aino, mama wa Kifini anayetufundisha shabaha, anarudi kwao mwisho wa mwezi huu. Moja kwa moja. Bunduki yake ananiuzia mimi. Ameshasema mbele ya watu. Ninachongoja ni cheti cha polisi cha kuniruhusu kununua. Maombi nilipeleka kabla ya Krismasi, na mafunzo ya usalama nilishamaliza. Bila cheti hakuna bunduki. Aino hawezi kungoja.

Naitaka ile bunduki kuliko ninavyoitaka shahada ya pili. Nimeandika, na sifuti.

Jumatano, 7 Februari

Daktari wa chuo aliniweka kwenye kibanda, nikawa nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Ipo milio sikuisikia. Nilijua kwa jinsi alivyonitazama kupitia kioo huku mimi nimetulia tu. Sikio lililoharibika halirudi, amesema. Nivae vizibo ndani na vifuniko juu. Navaa. Nilianza kuvaa kwa kuchelewa, kwa kiburi. Alinishauri nijaribu kuogelea.

Kuogelea.

Jioni Aino alinionyesha katalogi kutoka kwao. Sikuelewa neno hata moja, ila picha zilinitosha. Sailensa za bunduki. Kurasa nzima. Kwao zinauzwa dukani kihalali, za kuwindia na za shabaha. Unalipa, unatiliwa kwenye mfuko, unapanda basi.

"Ni kama kununua sufuria," alisema. "Nisipoifunga, majirani wananiona sina adabu."

Nilikaa na katalogi mpaka mlinzi akazima taa za ukumbi. Ndefu ya chuma inapunguza mlio zaidi, lakini inavuta mdomo wa bunduki chini. Kwa mtu anayelala kifudifudi akilenga kwa muda, mkono utachoka. Fupi ya aluminiamu haipunguzi sana, ila ni nyepesi, na mtutu wa bunduki ya Aino tayari una nyuzi za skrubu za kuifungia. Nimechagua fupi. Kichwani nimeshaifunga. Nimeshalala nayo mkekani. Mlio ni kama mtu kufunga kitabu. Na mimi sishtuki.

Alhamisi, 8 Februari

Nilimpigia Aino nikiwa nyumbani. Ingekuwa bora ningepiga chuoni. Simu yetu iko ukutani jikoni, Baba alikuwa anasonga ugali. Nilizungumza Kiingereza, haraka, kama ninavyofanya nisipotaka anifuate. Niliuliza kama hapa Kanada zinapatikana. Hajui, yeye hakuwahi kuhitaji hapa. Akaniambia niulize dukani.

Baba alisonga polepole mno. Nilipokata simu aliimba. Baba haimbi akipika.

Jumamosi, 10 Februari

Duka la bunduki, mbali huko Richmond Hill. Basi, kisha basi jingine, kisha miguu kwenye theluji iliyokuwa imeanza kuwa uji. Nilivaa kofia nyekundu ya sufu aliyonifumia Mama kabla hajaenda Moshi kumuuguza Bibi. Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani, na Mwafrika peke yangu. Hakuna aliyenitazama vibaya. Walinitazama tu.

Nikauliza waziwazi. Nikaeleza sikio, nikaeleza kushtuka, nikataja hata fupi na ndefu. Muuzaji aliacha alichokuwa akifanya.

"Dada, hiyo hapa ni jela. Usiulize tena dukani kwa mtu."

Nikatoka. Nikaenda maktaba moja kwa moja, nikaisoma sheria yenyewe nikiwa nimesimama. Ni kweli. Imekatazwa. Haina kibali, haina daraja la leseni, haina "isipokuwa". Kilicho halali Helsinki ni kosa hapa. Hasira imenijaa, na sina wa kumkasirikia. Naweza kuruhusiwa kununua kinachopiga kelele. Kinachoipunguza, hapana.

Basi. Nimeuliza, nimejibiwa. Sitaitafuta. Naandika ili niamini.

Jumapili, 11 Februari

Nilimweleza Aino. Alicheka, si kwa ubaya. "Hata ungeipata," alisema, "yule kijana anayesoma sheria, anayelala mkeka wa kushoto kwako, ana bunduki yake, nayo ingepiga kelele vilevile."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Msomi mzima. Nilikuwa nimeiwaza dunia yenye bunduki moja.

Jumanne, 13 Februari

Cheti bado. Nimepiga simu kituoni, wamesema ngoja.

Baba ana siri. Anatembea nyumbani kama mtu aliyeficha kuku kwenye kabati. Usiku huu ameniuliza kama Alhamisi nina kipindi cha mchana. Nikasema ninacho. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana, komandoo." Ananiita hivyo tangu nilipoanza shabaha. Yeye mwenyewe alishika bunduki ujanani, jeshini kwa mujibu wa sheria, na anasema alichojifunza huko ni kumenya viazi.

Nimelala vibaya. Chumba kikiwa kimya sikio linaongeza sauti.

Alhamisi, 15 Februari

Lazima niandike yote kwa mpangilio.

Nimerudi, nikamkuta Baba mezani na koti lake. Amefurahi na amechanganyikiwa kwa pamoja. Amesema alitaka kunishtukiza kwa zawadi, lakini hawakuwa nayo, watampigia simu.

Zawadi gani, Baba?

"Sailensa."

Nilikaa.

Alinisikia kwenye simu ile Alhamisi. Silencer. Kelele. Masikio yangu. Bei gani. Akaelewa. Gari letu, ile Datsun, bomba limeoza kwa chumvi ya barabarani na linaunguruma mpaka watu wa ghorofa ya tisa wanajua tumefika. Akafikiri binti yake anaona aibu na anatafuta sailensa ya gari kimyakimya, kwa pesa zake za chuo. Kwetu sailensa ni nini kingine? Moshi nzima, ukisema sailensa, fundi anaingia uvunguni mwa gari.

Akaenda kwenye lile duka kubwa linalouza kila kitu, matairi, majembe ya theluji, fimbo za kuvulia samaki. Akamuuliza kijana wa kwanza. Kijana akamwelekeza kaunta ya nyuma. Baba anasema njiani aliona bunduki zimepangwa ukutani, akafikiri anapita tu.

"Akaniuliza, ya nini? Nikamwambia, ya binti yangu, kelele zinamtesa. Nataka tukitoka usiku majirani wasijue."

Baba!

"Akaniuliza, ya ukubwa gani? Nikamwambia, elfu moja na mia tatu. Akanitazama, Manka, kama nimemtukana mama yake."

Akaja mkubwa wa duka. Mpole sana, anasema Baba. Akachukua jina na simu, akamsindikiza mpaka mlangoni. "Wanaheshimu wateja, wale."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamweleza kwamba hapa silencer ni ya bunduki, na ya gari wanaiita muffler.

"Mafla?" alisema. "Mafla si ya shingoni? Mae! Hawa watu wanavalisha gari mafla?"

Tukacheka wote wawili. Halafu mimi nikaacha. Aliandika jina. Massawe. Jina lile lile lililo juu ya maombi yangu.

Jumatatu, 19 Februari

Polisi wamepiga. Ofisa anayeshughulikia vyeti atakuja nyumbani Jumatano jioni, "kwa maswali machache". Niliuliza maswali gani. Akasema tutaongea.

Sikuweza kusoma. Nimepanga vitabu upya, kwa rangi. Nimevipanga tena.

Baba ananifariji. Tutamweleza habari ya mafla, atacheka, atakupa cheti. Ni kweli kwa upande wake. Hajui habari ya Richmond Hill. Hajui kwamba mimi niliuliza ile ya bunduki.

Jumatano, 21 Februari. Jumatano ya Majivu

Amekuja. Mtu wa makamo, mpana, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Soksi zake moja nyeusi, moja ya buluu. Baba alikuwa ametoka kanisani na msalaba wa majivu katikati ya paji la uso. Ofisa aliuangalia, akaona aibu kuuliza. Baba akamwekea chai ya tangawizi. Akakataa, kisha akainywa.

Baba akaeleza. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea, kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, akanyanyuka na kumwonyesha dirishani gari lenyewe kule chini. Elfu moja na mia tatu ni ukubwa wa injini, bwana. Ofisa akacheka kweli, mpaka chai ikamwagikia sahani. Akasema duka liliogopa sana. Akasema baba yake naye alikuwa na gari kama hilo.

Nikaanza kupumua.

Halafu akafungua faili. Kuna jambo jingine. Wiki ile kabla, duka la bunduki huko kaskazini liliripoti msichana wa Kiafrika, kofia nyekundu, aliuliza sailensa. Jina hawakupata. Akaniangalia, halafu akaiangalia kofia. Ilikuwa kwenye ndoano, nyuma yake hasa; alilazimika kugeuka.

Kabla sijafungua mdomo, Baba akajibu.

"Ni mimi nilimtuma. Ya gari. Sisi wote tunaita hivyo, bwana. Mtoto wa watu alikosea duka, kama baba yake."

Akasema kwa utulivu kabisa. Majivu kwenye paji la uso. Akaniangalia, na nikaona kwamba hajui kitu. Hajui kama niliuliza gari au bunduki au meli. Aliona tu mwanawe amebanwa, akanirushia kamba.

Ofisa akangoja. Naamini alikuwa tayari kuikubali. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Ningeitikia kwa kichwa tu. Sikuhitaji hata kusema uongo. Ulishasemwa.

Niliifikiria bunduki ya Aino. Nilifikiria siku zilizobaki. Nilifikiria pia kwamba mtu anayepewa cheti hicho anapewa kwa sababu wamemwamini kuhusu bunduki, si kuhusu bomba la gari.

Nikasema hapana. Niliuliza ya bunduki. Nilijua ninachouliza, sikujua kama imekatazwa. Nilipoambiwa nikaondoka, nikaenda kusoma sheria, nikaacha. Akauliza kwa nini niliitaka. Nikasema sikio langu la kushoto limeharibika na linalia usiku na mchana, na nashtuka.

Baba aliweka kikombe chini.

Ofisa aliandika kwa muda mrefu. Alisema kuuliza si kosa. Alisema pia hawezi kuidhinisha mwenyewe sasa. Faili itapanda kwa mkubwa wake, watataka karatasi ya daktari, watazungumza na klabu. Muda gani? Akainua mabega. Mlangoni, akifunga kamba za viatu, alimwambia Baba kwamba chai ni nzuri. Mimi alinipa mkono.

Alhamisi, 22 Februari

Baba hasemi. Amekwenda kazini, amerudi, amekula. Nilidhani amekasirika kwa sababu nimemfanya mwongo mbele ya polisi. Nikamwomba radhi kwa hilo.

"Hilo?" akasema. "Hilo ni langu na Padri. Kudanganya na majivu usoni, hata sijui toba yake ni ipi."

Halafu akasema, "Tangu lini?"

Nikajua anauliza sikio. Nikamwambia, Novemba.

Akahesabu kwa vidole, mezani, mbele yangu. Novemba, Desemba, Januari, Februari. Ningependa anigombeze. Kisha akaja upande wangu wa kushoto, akasema kitu kwa sauti ya chini sana. Sikukisikia. Alikuwa ananipima. Nilipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu, akajifanya anatafuta chumvi.

Jumamosi, 24 Februari

Tumetengeneza gari, kwa fundi kule Mount Dennis. Baba alifanya mazoezi njia nzima: muffler, muffler. Fundi alikuwa Mjamaika mzee. "Silencer imekwisha hiyo," akasema kabla Baba hajafungua mdomo. Kumbe kwao wanaita kama sisi.

Njiani kurudi gari lilikuwa kimya mno. Hatukujua la kufanya na kimya chote kile. Baba akawasha redio.

Jumatano, 28 Februari

Aino amekwenda. Aliningojea mpaka jana. Jana aliniita, akaniambia ameiuza bunduki kwa kijana wa sheria, yule wa kushoto kwangu. Ana cheti chake tangu zamani. Alisema samahani mara moja tu, akanikumbatia kwa nguvu ya ajabu.

Ningekaa kimya Jumatano ile, ingekuwa hapa sasa, chini ya kitanda, kwenye kasha lake. Nasema hivyo kila saa. Sijutii, na nalia. Yote mawili kwa pamoja, na hakuna linaloliondoa jingine.

Sikwenda shabaha. Nimelala na viatu.

Jumamosi, 9 Machi

Kituo kimepiga. Hawajakataa. Hawajakubali. Karatasi ya daktari wameipata. Labda kiangazi. Nikasema asante, na nilimaanisha kidogo.

Baba ameuliza kwa nini siendi chuoni Jumapili. Nikamwambia ukweli: nikilala pale nitaisikia bunduki yangu kushoto, mikononi mwa mtu mwingine. Akasema, "Si ulisema huko kushoto husikii?"

Mbaya yule. Nilicheka bila kupenda.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda. Baba alikuja nami, mara yake ya kwanza. Mwalimu mpya, kijana mpole mwenye kigugumizi, alimwandikisha kama mgeni, akampa vifuniko vya masikio. Vilimkaa kama kilemba.

Kijana wa sheria alikuwepo, na bunduki. Alinisalimia kwa aibu. Anaishika vizuri. Nilitaka aishike vibaya.

Mwalimu akatoa dawa ya kushtuka. Mwingine anakuwekea risasi, wewe unatazama mbele tu. Safari nyingine anaweka ganda tupu. Hujui. Unavuta triga hivyo hivyo. Ikiwa ni tupu na mwili umeruka, unajiona mwenyewe ulivyo, bila mlio wa kusingizia.

Baba akaomba aweke yeye. Mwalimu akamwonyesha, akasimama karibu.

Mara ya kwanza ilikuwa tupu. Niliruka kama mbuzi. Aibu imenipanda mpaka shingoni. Ya pili tupu, nikaruka. Ya tatu ikalia. Ya nne nikageuka kumtazama usoni, nijue.

"Usinitazame mimi," akasema. "Tazama karatasi yako."

Nikatazama karatasi. Kushoto wakapiga, nikaacha wapige. Nikatoa pumzi nusu. Vidole vya Baba vilikuwa baridi vilipogusa mkono wangu, vikaondoka. Nikavuta.

Tik.

Sikutikisika. Alama nyeusi ilibaki mahali pake, katikati ya jicho, kama imepigiliwa msumari.

Baba akafungua bunduki, akaweka nyingine, au hakuweka.